Kwibuka: kriketi ya wanawake kwa ukumbusho wa waliouawa

Kwibuka ni mashindano ya kimataifa ya kriketi ya wanawake yanayochezwa Kigali, mji mkuu wa Rwanda. Yalianza mwaka 2014, miaka 20 kiisha mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, kwa kuwakumbuka waliouawa. Jina lenyewe ni la Kinyarwanda: kwibuka maana yake ni kukumbuka.

Kwa wakaaji wa Uvira, wa tambarare ya Ruzizi na wa vilima vya Rurambo, kriketi ni mchezo wa mbali. Mu vijiji vingi ukisema mupira, watu wanaelewa mupira wa miguu, basi. Lakini fasi mashindano haya yanachezwa siyo mbali. Ukivuka mpaka pale Kamanyola, uko Bugarama, ndani ya Rwanda. Na Tanzania, ambayo ilichukua kombe hili mwaka 2019 na tena 2022, iko ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Ni mashindano ya majirani, na mabinti wanaoyacheza wengi wanasikia Kiswahili.

Makala hii inaeleza mchezo huu ni wa namna gani, ulifika vipi Rwanda, nani ameshinda, na kwa nini mashindano haya yanabeba jina zito namna hii.

Kriketi inachezwa vipi?

Kriketi inapiganisha ekipe mbili za watu 11. Katikati ya kiwanja kuna njia ya urefu wa mita 20 hivi. Kila upande wa njia hiyo vimesimamishwa vijiti vitatu. Mrushaji anatupa mupira mdogo, mgumu, akielekeza kwenye vijiti vya upande wa pili. Mpigaji anasimama mbele ya vijiti akiwa na gongo la mbao, pana kama ubao. Kazi yake ni mbili: kulinda vijiti visiguswe, na kuupiga mupira mbali.

Akiupiga, anakimbia mpaka upande wa pili wa njia, na mwenzake anakuja upande wake. Kila mara wanapobadilishana fasi, ekipe inapata mkimbio mmoja. Mupira ukibingirika mpaka nje ya mpaka wa kiwanja, ni mikimbio minne bila kukimbia. Ukipita juu ya mpaka bila kugusa chini, ni sita.

Mpigaji anatoka mupira ukigonga vijiti vyake, au adui akiudaka hewani mbele haujagusa chini, au vijiti vikiangushwa wakati bado anakimbia. Kuna njia zingine pia, lakini hizi ndizo zinazoonekana sana. Kila mpigaji akitoka, watu wanasema wiketi moja imeanguka. Zikianguka kumi, ekipe imemaliza, kwani wapigaji wanapiga wawili wawili na yule wa mwisho hana mwenzake.

Kwibuka inachezwa kwa mtindo mfupi unaoitwa T20. Mirusho sita inafanya ova moja, na kila ekipe inapata ova 20, yaani mirusho 120. Ekipe ya kwanza inapiga, inaweka hesabu yake. Kiisha ya pili inatafuta kuipita. Mechi nzima inachukua saa tatu hivi. Wachezaji wanavaa suruali ndefu na shati, na mpigaji anajikinga kwa kofia ngumu, glavu na vikinga miguu, juu mupira wa kriketi ukimgonga mtu unaumiza kweli.

Mchezo uliofika na watu waliorudi

Kriketi ni mchezo wa Waingereza. Uganda, Kenya na Tanzania zilitawaliwa na Waingereza, na huko mchezo ulibaki. Kenya ilifika mpaka nusu-finale ya Kombe la Dunia la wanaume mwaka 2003. Rwanda, Burundi na Kongo zilikuwa chini ya Wabelgiji. Kriketi haikuwa mchezo wa Wabelgiji, kwa hiyo kwetu mchezo huu haukuachwa.

Sasa Rwanda iliupata wapi? Kwa wakimbizi. Familia nyingi zilizokimbia Rwanda tangu mwaka 1959 zililea watoto wao Uganda, Kenya na Tanzania. Watoto hao walisoma kwa Kiingereza, na mu masomo walicheza kile wenzao walicheza. Kiisha 1994 wengi walirudi Rwanda, na kriketi ikaingia pamoja nao. Mwaka 1999 kukaundwa Chama cha Kriketi cha Rwanda, kazi iliyoanzia kwa wanafunzi wa chuo kikuu cha Butare. Mwaka 2003 Baraza la Kimataifa la Kriketi, ICC, likaikubali Rwanda.

Jambo hili linaeleweka upesi na watu wa Uvira na Fizi. Wengi hapa wanajua kambi ya Nyarugusu, kule Kigoma, iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa Wakongomani waliokimbia vita. Anayerudi kutoka ukimbizini harudi mikono mitupu, hata kama hana mzigo. Anarudi na lugha, na nyimbo, na kazi aliyojifunza, na michezo.

Kiwanja cha kwanza, na kile cha Gahanga

Kiwanja cha kwanza cha kriketi mjini Kigali kilikuwa kwenye eneo la shule ya ufundi ya Kicukiro, iliyoitwa ETO. Jina hilo liko ndani ya historia ya mauaji ya kimbari. Mwezi wa nne 1994, watu zaidi ya elfu mbili walikimbilia shuleni hapo juu askari Wabelgiji wa Umoja wa Mataifa walikuwa wanapalinda. Tarehe 11 askari hao wakaondoka. Wauaji wakawapeleka watu kwenye kilima cha Nyanza ya Kicukiro, na huko wengi wakauawa. Leo Nyanza kuna makaburi na fasi ya ukumbusho.

Kwa miaka mingi, kriketi ya Rwanda ilichezwa kwenye majani ya shule hiyo. Mashindano ya kriketi yanayoitwa "kukumbuka" kwa hiyo hayakubandikwa jina hivi hivi.

Kiisha ikatafutwa fasi mpya huko Gahanga, pembeni mwa Kigali. Pesa zilikusanywa na mfuko uliofanya kazi Rwanda na Uingereza, na wachezaji wenyewe walitoa jasho lao. Mwezi wa tano 2016, Eric Dusingizimana, aliyekuwa kapteni wa ekipe ya wanaume, alipiga mupira bila kuacha kwa saa 51, akaandikwa kwenye kitabu cha rekodi cha Guinness. Mwezi wa pili 2017 ikawa zamu ya mwanamke: Cathia Uwamahoro, mchezaji wa ekipe ya taifa, alipiga kwa saa 26. Alisimama mchana, akasimama usiku, watu wakipokezana kumrushia mupira, mpaka naye akaingia kwenye kitabu hicho.

Uwanja wa Gahanga ulifunguliwa mwezi wa kumi 2017. Jengo lake lina matao matatu yaliyoviringika, kama njia ya mupira unaoruka na kudunda. Matao hayo yalijengwa kwa vigae vya udongo na simenti vilivyotengenezwa huko huko. Mwaka huo huo Rwanda ilipandishwa daraja na ICC.

Mwaka 2019: mikimbio sita

Mwanzoni Kwibuka ilikuwa mashindano ya nchi za jirani tu. Hesabu zake hazikusomwa sana nje. Lakini tangu tarehe 1 mwezi wa saba 2018, ICC iliamua kwamba kila mechi ya T20 kati ya ekipe za wanawake za nchi wanachama ni mechi rasmi ya kimataifa. Tangu hapo, kinachotokea Gahanga kinaandikwa kwenye vitabu sawa na kinachotokea London ao Mumbai.

Mwaka 2019 walicheza Rwanda, Tanzania, Uganda na Mali. Mali ilikuwa ndiyo kwanza inaanza. Tarehe 18 mwezi wa sita, mabinti wa Mali waliingia kupiga mbele ya Rwanda, na wote wakatoka kwa mikimbio sita. Katika hiyo sita, mmoja tu ulitoka kwenye gongo. Mitano mingine ilikuwa ya ziada, ile ekipe inayopewa kwa makosa ya wapinzani ao mupira ukipita bila kupigwa. Rwanda ilihitaji mirusho minne tu kumaliza mechi. Ilikuwa hesabu ya chini kuliko zote katika mechi rasmi za T20 za wanawake. Mwisho wa mwaka huo huo, Maldives nayo ilitoka kwa sita mbele ya Bangladesh.

Siku mbili kiisha, Mali ilikutana na Uganda. Waganda walipiga mikimbio 314 kwa kupoteza wiketi mbili, rekodi ya dunia ya wakati ule. Prosscovia Alako alipata 116, Rita Musamali 103. Mali ilijibu kwa 10. Hesabu hizo zilienea duniani, na watu wengi walicheka.

Lakini kuna kitu kinachopita kicheko. Mali, sawa na Kongo, ni nchi ya Kifaransa na ya mupira wa miguu. Wale mabinti walifungwa, wakarudi kiwanjani kwa mechi inayofuata, wakafungwa tena, na tena. Hakuna ekipe iliyoanza kriketi bila kupita kwenye siku za namna ile. Tofauti ni kwamba wengi walizipita siku zao kabla hesabu hazijaanza kuandikwa.

Kombe la 2019 lilikwenda Tanzania.

Washindi waliofuata

Mwaka 2020 mashindano hayakuchezwa juu ya korona. Mwaka 2021 yalirudi, tarehe 6 hadi 12 mwezi wa sita, na ekipe tano: Rwanda, Kenya, Nigeria, Botswana na Namibia. Kenya ilishinda Namibia kwenye finale.

Mwaka 2022 ziliingia ekipe nane. Pamoja na Rwanda, Kenya, Uganda, Tanzania, Nigeria na Botswana, kwa mara ya kwanza zilikuja ekipe kutoka nje ya Afrika: Brazili na Ujerumani. Finale ilikuwa ya majirani. Tanzania ilishinda Kenya kwa tofauti ya mikimbio 44.

Mwaka 2023 kombe lilibaki nyumbani. Ekipe ya Rwanda, ambayo ilikuwa imeona kombe likibebwa na Tanzania, Kenya, na tena Tanzania kwenye uwanja wake yenyewe, ilishinda Uganda kwenye finale.

Wasichana wa mwezi wa kwanza

Ushindi huo haukuanguka kutoka mbinguni. Mwezi wa kwanza wa 2023, kule Afrika Kusini, lilichezwa Kombe la Dunia la kwanza la T20 kwa wasichana wenye chini ya miaka 19. Rwanda ilikuwa imepata tiketi ya Afrika. Ilikuwa mara ya kwanza kwa Rwanda kufika Kombe la Dunia la kriketi, ya wanaume ao ya wanawake, wakubwa ao vijana. Kapteni alikuwa Gisèle Ishimwe.

Tarehe 17, Rwanda ilishinda Zimbabwe kwa mikimbio 39. Ova ya mwisho ilirushwa na Henriette Ishimwe: mirusho minne mfululizo, wiketi nne, mechi imekwisha. Siku tano kiisha, wasichana hao walishinda West Indies, muungano wa visiwa vya Karibi wenye sifa kubwa kwenye mchezo huu tangu zamani. West Indies ilitoka kwa mikimbio 70, Rwanda ikaifikia. Wachezaji waliimba, wengine wakalia.

Hao ni watoto waliozaliwa miaka mingi kiisha 1994. Walikulia kwenye nchi ambayo kriketi ilikuwa imeletwa na watu waliorudi, wakaona wanawake wa Kenya, Uganda na Tanzania wakija kucheza karibu na nyumbani. Ekipe inayoanza inahitaji kiwanja, ndiyo, lakini inahitaji pia mtu wa kucheza naye anayeizidi nguvu kidogo. Hiyo ndiyo kazi kubwa ya mashindano ya kikanda: yanapunguza safari ya kwenda kujifunza.

Kukumbuka kwa kucheza

Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yalianza tarehe 7 mwezi wa nne 1994 na yalichukua siku mia moja hivi. Umoja wa Mataifa umewahi kutaja watu zaidi ya 800 000 waliouawa. Serikali ya Rwanda inataja zaidi ya milioni moja. Waliuawa pia Wahutu na wengine waliokataa mauaji hayo. Kila mwaka Rwanda inakumbuka kuanzia tarehe 7 mwezi wa nne mpaka mwanzo wa mwezi wa saba. Mashindano ya kriketi, yakichezwa mwezi wa sita, yanaangukia ndani ya siku hizo mia moja.

Kwa msomaji wa Kivu ya Kusini, jina la Kigali halisikiki peke yake. Linaamsha wakimbizi wa Burundi na wa Rwanda waliojaa kwenye tambarare ya Ruzizi miaka ya 1994 mpaka 1996, na vita vilivyofuata, na vile ambavyo havijaisha. Kueleza mashindano haya siyo kufuta hayo.

Na eneo hili lina wafu wake. Makobola, kusini mwa Uvira, mamia ya watu waliuawa mwisho wa 1998 na mwanzo wa 1999. Gatumba, ng'ambo ya mpaka upande wa Burundi, usiku wa tarehe 13 mwezi wa nane 2004, waliuawa wakimbizi Wakongomani zaidi ya 150, wengi wao Banyamulenge. Mutarule, mu tambarare, tarehe 6 mwezi wa sita 2014, waliuawa watu zaidi ya 30. Kongo imeweka tarehe 2 mwezi wa nane kuwa siku ya kukumbuka wahanga wa vita, inayoitwa GENOCOST. Lakini mu vijiji, mara nyingi kila jamii inalilia wake peke yake, tarehe yake, kaburi lake. Jirani akisikia kilio, hajui kama anaweza kuja.

Hapo ndipo mashindano ya kriketi yanafundisha kitu ambacho hotuba hazifundishi. Anayefiwa anaita wageni. Wageni hawaulizwi kubeba kilio kisicho chao. Wanaulizwa kuja, kucheza kwa nguvu zao zote, na kusimama kimya wakati wa kusimama kimya. Wanaweza hata kumshinda mwenyeji. Mwaka 2019, 2021 na 2022 mwenyeji alishindwa kwenye ukumbusho wake mwenyewe, na mwaka uliofuata akaita tena.

Kuanza kunadai nini?

Mu orodha ya ekipe zilizotajwa hapa, Kongo haimo. Tangu mwezi wa saba 2022, Kongo ni mwanachama kamili wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, sawa na Rwanda, Kenya, Uganda na Tanzania. Mu hizo nne zote, wanawake wanacheza kriketi.

Kiwanja kamili ni kazi ngumu kwenye vilima. Kwa wanawake, kutoka katikati mpaka mwisho wa kiwanja ni mita 55 mpaka 64 kila upande, na inafaa pawe sawa. Mu Rurambo, fasi tambarare ya ukubwa huo ni shamba la mtu ao malisho ya ngombe. Chini, mu Ruzizi, ardhi iko sawa, lakini usalama ndio unaamua mtoto gani atacheza wapi.

Lakini hakuna nchi iliyoanza na kiwanja kamili. Kwa watoto, kriketi inaanza na mupira laini wa tenisi, ubao uliochongwa shikio, na sanduku ao matofali matatu kwa fasi ya vijiti. Watoto sita wanatosha. Kiwanja cha masomo kinatosha. Mupira mgumu, na vifaa vya kujikinga vinavyoenda nao, vinaweza kungoja. Kinachokosa hasa ni mwalimu aliyeona mchezo huu kwa macho yake na anayeujua vizuri kiasi cha kuuonyesha. Na kama Rwanda ilivyoonyesha, mtu wa namna hiyo mara nyingi ni yule aliyerudi kutoka ng'ambo.

Kwa ufupi

Jina: Kwibuka, mashindano ya T20 ya wanawake.
Mwanzo: 2014.
Fasi: Kigali, uwanja wa Gahanga umefunguliwa 2017.
Washindi: Tanzania (2019), Kenya (2021), Tanzania (2022), Rwanda (2023). Mwaka 2020 hayakuchezwa.
Mechi: ekipe mbili za watu 11, ova 20 kila upande, saa tatu hivi.
Hesabu ya kukumbuka: sita, ya Mali, tarehe 18 mwezi wa sita 2019. Kila anayeanza yuko karibu na hiyo sita.